Muuza Kimya wa Kageti

Siku Mama Kampire, mwenye hosteli, alipomtoza faini mwanafunzi wa mwaka wa pili kwa kosa la kucheka kwa sauti, Parfait alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara akisubiri roleksi yake, chapati ya kuviringishwa na mayai, iive, na hapo hapo akaacha kusikia njaa. Kwa mtu wa kawaida faini ile ilikuwa uonevu. Kwa Parfait ilikuwa habari ya biashara. Maana kama kelele zina faini, basi kimya kina bei. Na kama kina bei, lazima awepo mtu wa kukiuza, na katika mtaa mzima hakuna aliyekuwa amejitokeza.

Mtaa wenyewe uliitwa Kageti kwa sababu geti dogo la chuo lilifungukia hapo, upande wa Kakiika, pembeni ya Mbarara. Ulikuwa mtaa wa raha zote. Kutoka kitandani hadi darasani ulifika kabla chai haijapoa. Chumba kimoja, muzigo kama wanavyokiita wenyeji, kilikuwa cha bei nafuu, maana yake kilikuwa kidogo kiasi kwamba mpangaji akitaka kuvaa shati alilazimika kufungua mlango. Maharage, chapati, fotokopi, kinyozi na maombi ya kufaulu mitihani vilipatikana bila kuvuka barabara. Maji yalikuja kwa jerikani na umeme ulikuja ukipenda. Kila mwenye nyumba alikuwa ameandika ukutani kwake "Kimya, Usalama, Karibu na Chuo". Usalama haukuwepo, ukaribu ulikuwa kazi ya chuo, kwa hiyo kitu pekee walichouza wao wenyewe kilikuwa kimya.

Parfait alikuwa mzaliwa wa Uvira, Kivu Kusini, mkimbizi wa kambi ya Nakivale kwa cheti na mkazi wa Mbarara kwa kujitakia. Alikuwa na suti moja ya bluu, tai mbili, na mkoba wa ngozi ambao ndani yake hamkuwa na kitu ila kopo la mafuta ya nywele. Kazi yake rasmi ilikuwa kulinda ghorofa moja ambalo halijakwisha, katikati ya hosteli za Kageti, mali ya tajiri wa Kampala ambaye alikuwa amelisahau. Mtu mwingine angejiita mlinzi. Yeye alijiita meneja. Kazi zisizo rasmi zilibadilika kufuatana na majira. Aliwahi hata kukodisha viti kwenye mazishi ya mtu asiyemjua, kwa ndugu wa marehemu, viti vyao wenyewe.

Lakini tusimcheke upesi, kwani alikuwa na ndoto ya kweli. Mwalimu mmoja aliyekuwa anahama aliuza kiwanja hapo hapo Kageti, chenye msingi wa vyumba vinne ulioota majani. Kila jioni Parfait alipita kukitazama. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kugongewa mlango, leo na mwenye nyumba, kesho na polisi, keshokutwa na mtu aliyemwuzia kitu. Alitamani, na tamaa hiyo ilimuuma kifuani, siku moja awe yeye anayegonga. Akiba yake ya miaka alikuwa ameikunja ndani ya soksi ya kulia, nayo haikutosha. Mwalimu alimpa hadi Jumamosi ya kumaliza mitihani. Baada ya hapo kiwanja kingekwenda kwa mwingine.

Basi Jumapili akapanda lori la mahindi, akashuka Misiera, kijiji cha Nakivale karibu na Base Camp, akaenda moja kwa moja kwa Viviane.

Viviane aliuza mawese na ndagala, yaani dagaa, na aliongoza Kwaya ya Mlango wa Kondoo, watu wa Uvira na Fizi, wenye ngoma tatu, spika mbili na mapafu yasiyojua kuchoka. Walikuwa na shida moja tu. Piano yao ya umeme ilikuwa imekufa noti zote za katikati, na mzee Anselme aliyeipiga alilazimika kuruka toka pembe hii hadi pembe ile, huku waimbaji wakijaza pengo kwa imani. Kwa muda mrefu walikuwa wakitaka kurekodi nyimbo zao Mbarara. Mwenye studio alikuwa amewasikiliza kwa adabu, kisha akawaambia warudi watakapokuwa na piano nzima.

"Dada Viviane," Parfait alisema, "niko na fasi Mbarara. Nyumba munene, karibu na iniversite. Mutalala kule, mutafanya repetisyo ya nyimbo kule, bure kabisa. Bana ba iniversite banapenda nyimbo mingi sana. Na kule njo kuko benye pesa. Bakisikia, piano itapatikana."

"Na weye unapata nini?"

"Baraka."

Viviane alimtazama kama alivyozoea kutazama ndagala ya mtu mwingine. Lakini kwaya nzima ilikuwa imekwisha simama, na mzee Anselme alikuwa ameanza kufunga ngoma kwa kamba.

"Muzuri," alisema. "Basi utakuwa parrain wetu."

Hapa lazima tueleze, kwa ajili ya wasomaji ambao hawajawahi kubahatika. Parrain, kwa kwaya za Kongo, ni mlezi. Anapewa kiti cha mbele na Fanta ya baridi. Jina lake linatiwa ndani ya wimbo. Na siku ya sherehe anaitwa mbele ya watu wote, atoe yeye kabla ya mwingine yeyote kutoa. Parfait aliyajua haya tangu yuko mdogo, kwa sababu mjomba wake aliwahi kuwa parrain akaishia kuuza baiskeli. Lakini alipolisikia neno lile alisikiliza hadi kwenye Fanta, mengine akayaacha yapite.

"Lakini parrain haiko jina ya kuvaa tu, kaka," Viviane aliongeza. "Ukikubali mbele ya batu, umekubali."

"Dada, mi ni mutu ya Mungu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Wakafungua vitenge vyao vya juu, wakavitandika chini toka mlangoni hadi kwenye kiti, na Parfait akatembea juu yake na viatu vyake vyenye vumbi la lori, akipunga mkono. Alijisikia vizuri sana. Ni haki kusema hakuna mtu aliyewahi kumtandikia kitu maishani mwake.

Jumatatu, siku ya kwanza ya mitihani, kwaya ikaingia Kageti.

Ukweli ni kwamba iliimba vizuri. Lakini iliimba toka chakula cha mchana hadi giza linaingia, kwa spika zote mbili, katika ghorofa lisilo na milango wala madirisha, ambamo kila sauti ilizunguka vyumba vyote kabla ya kutoka nje ikiwa imenenepa. Kitabu kilichofunguliwa mezani kwa Mama Kampire kilijifunga chenyewe. Mwanafunzi mmoja wa udaktari, mwenye mtihani wa mifupa asubuhi, akatoa kichwa dirishani na kuanza kupiga beseni kwa mwiko, kwa nguvu zake zote.

Sasa, kwa watu wa Fizi, anayepiga beseni wakati wa wimbo ni mtu aliyeguswa rohoni. Viviane akainua mikono, akamwelekeza kidole, na kwaya ikarudia wimbo toka mwanzo kwa heshima yake. Mabeseni mengine yakafuata, halafu masufuria. Mwanafunzi mmoja wa sheria alitupa kiatu, na mzee Anselme akakiokota akakiweka vizuri pembeni, akidhani ni sadaka.

"Bana ba iniversite beko na roho muzuri," alisema huku akijifuta machozi. "Hata kwetu Fizi hawakutupokea hivi."

Wenye nyumba walikutana kwa dharura. Mwenyekiti wao alikuwa Afande Mutware, mwanajeshi mstaafu mwenye vyumba vingi kuliko wote na subira kidogo kuliko wote, na mmoja wa wapangaji wake alikuwa Parfait mwenyewe. Afande alikwisha kwenda kwa diwani kutaka kelele zipigwe marufuku. Lakini ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2010, uchaguzi ulikuwa mlangoni, na diwani alimwambia kwa upole kwamba yeye binafsi hawezi kukumbukwa kama mtu aliyefukuza nyimbo za Mungu mwezi wa kupiga kampeni. Alimshauri Afande azibe masikio kwa pamba.

"Wewe, Parfait! Kuja hapa mara moja!" Afande alinguruma. "Hii watu natoka wapi?"

"Afande, hata mimi nimeshangaa. Bosi wangu wa Kampala ameokoka. Ametoa ghorofa lote kwa Bwana."

"Ameokoka lini?"

"Wiki iliyopita, Afande. Ghafla."

"Banange!" Mama Kampire alishika kichwa. Alikuwa mjane mnene, mwenye hosteli ya ghorofa moja na faini za kila aina. "Watoto nataka kuhama. Leo moja naniuliza mimi, ati kule Kafunjo chumba ni pesa ngapi. Naniuliza mimi!"

Kafunjo ulikuwa mtaa wa bondeni, ng'ambo ya mto, wapinzani wao. Kutajwa kwake tu kulifanya wenye nyumba wote wakunje nyuso.

"Mimi naita vijana, nawatoa kwa fimbo," alisema Afande.

"Afande, mimi ni Mkongo, nawajua watu wangu," Parfait alisema kwa huzuni. "Ukiwapiga fimbo wataacha kuimba, ni kweli. Lakini wataanza kufunga na kuomba. Na maombi yao yana sauti kubwa kuliko nyimbo."

"Hiyo maombi nashinda hii kelele?"

"Nyimbo zina mwisho, Afande."

Ukimya uliofuata ulikuwa wa bei kubwa, na Parfait aliuacha ukae kidogo ili wauonje. Kisha akaeleza, kama mtu anayejitolea tu kwa ajili ya majirani, kwamba Mkongo haondoki kwa nguvu ila anaondoka kwa zawadi; kwamba wakichanga zawadi ya heshima yeye ataipeleka mwenyewe, kwa lugha yao; na kwamba Jumamosi kwaya itaondoka huku ikiwabariki. Akashusha sauti.

"Na mazoezi yao wanaweza kuyahamishia Kafunjo."

"Kafunjo fasi gani?" Mama Kampire aliuliza haraka. "Karibu na ile hosteli mpya ya vigae?"

"Dirishani kabisa, nyabo," Parfait alimjibu mama huyo kwa heshima.

Hapo ndipo biashara ilipofungwa. Ili wao wapate kimya, wenye nyumba wa Kageti wangetoa kiasi cha kawaida, tena kwa kunung'unika. Lakini ili Kafunjo wakikose, walikuwa tayari kutoa mara mbili. Watu waliokuwa wameshindwa kwa miaka kutengeneza mlango wa choo walichanga ndani ya jioni moja, na Afande akaziweka pesa mkononi mwa Parfait mbele ya wote, ndani ya mfuko wa kaki.

Parfait alirudi ghorofani, akachomoa fyuzi ya spika, akawaambia kwaya umeme wa Mbarara una matatizo. Kelele zikapungua nusu siku ile ile. Wenye nyumba wakapeana mikono. Mitihani ikaendelea. Muuza kimya naye akalala chali kitandani kwake akipiga hesabu tamu: wiki ijayo ataigeuza kwaya iende Kafunjo kweli, na Kafunjo nao watachanga. Kelele, aligundua, ni mali ya ajabu. Unaiuza na bado unabaki nayo yote.

Angekuwa leo na vyumba vinne, kama si Mama Kampire. Si kwamba mama huyo alikuwa na akili nyingi. Alikuwa tu na mashaka mengi, na hakuwahi kumwamini mwanamume na pesa kwa wakati mmoja. Ijumaa mchana alibeba jerikani dogo la maziwa, akaenda ghorofani, akamkuta Viviane anapika ugali kwenye sigiri.

"Mama kwaya, mimi naleta maziwa. Asante sana kwa kukubali kwenda."

Viviane hakujua kwamba wanakwenda. Lakini aliyeuza ndagala Misiera kwa miaka haonyeshi mshangao mteja anapotaja bei.

"Mersi, mama. Karibu, ukae."

"Na ile zawadi, Parfait nawapa?"

"Zawadi ile ya...?"

"Ya sisi wote, wenye nyumba! Afande naweka kwa mkono yake, mimi naona na macho. Ni pesa mingi, nyabo, musiseme ni kidogo. Sisi nalipa munyamaze, na muende kuimba kule Kafunjo."

Viviane aliendelea kusonga ugali. Kisha akauliza swali moja, polepole.

"Mama, na yale mabeseni? Bana ba iniversite bakitupigia mabeseni?"

"Bambi, pole," alisema Mama Kampire. "Walikuwa nataka kuwaua."

Mwiko ukasimama. Viviane aliwatazama watu wake waliokuwa wamejinyoosha juu ya saruji, wiki nzima bila mkeka wa maana, wakiwa na furaha ya watu waliopendwa. Alimwona mzee Anselme akikipaka rangi kile kiatu cha mwanafunzi wa sheria ili akirudishe kikiwa kizuri. Aibu ilimpanda usoni, na nyuma ya aibu ikaja hasira, na hasira ile ilikuwa kubwa kuliko aliyowahi kuisikia kwa ajili ya pesa. Angeweza kwenda kumkamata Parfait koo mbele ya chuo kizima. Lakini mtu aliyekamatwa koo hukimbia na mfuko wake.

"Parrain wetu ametunza zawadi vizuri," alisema hatimaye. "Kwetu haitolewi kwa kujificha, mama. Inatolewa mbele ya batu, na wimbo. Kesho mchana tutafanya shukrani. Kuja na benzako. Bote kabisa."

"Soda itakuwa?"

"Itakuwako."

Jumamosi Parfait alivaa suti ya bluu na tai iliyo bora kati ya mbili. Mfuko wa kaki ulikuwa ndani ya koti, akiba yake ndani ya soksi, maana Afande Mutware alikuwa na ufunguo wa pili wa kila chumba na hakuuacha ukae bure. Mpango ulikuwa rahisi: aiambie kwaya kwamba nyumba nzuri zaidi iko Kafunjo, lori liwapakie, wenye nyumba waone kwa macho yao, halafu yeye aende kwa mwalimu kabla jua halijazama. Aliposikia kuna shukrani hakushtuka. Kiti cha mbele ni kiti cha mbele, na Fanta ni Fanta.

Alishtuka kidogo alipoona wenye nyumba wote wamekaa kwenye mabenchi, mikono magotini, kila mmoja na soda yake. Wanafunzi waliomaliza mitihani walikuwa wamejaa madirishani. Na fyuzi ya spika, sijui kwa miujiza gani, ilikuwa imerudi mahali pake.

Kwaya iliimba. Ilipofika katikati ya wimbo wa pili, wanawake wakafungua vitenge, wakavitandika toka miguuni pa Parfait hadi mbele, penye meza yenye kitambaa cheupe. Viviane akashika maikrofoni.

"Bazee ba mutaa, bamama, bana ba iniversite," alisema. "Leo tunarudi kwetu Misiera. Hamukutufukuza na fimbo. Mulituchangia zawadi, na mukaiweka kwa mukono ya parrain wetu, kaka Parfait, mutoto wa Uvira. Yeye aliitunza. Hakuila. Sasa ataileta hapa, moja moja, tuione na tumushukuru Mungu. Parrain, kuja!"

Wenye nyumba wakapiga makofi. Parfait akasimama, kwa sababu mtu aliyetandikiwa vitenge hawezi kukaa.

"Dada," alinong'ona alipofika mbele, akitabasamu kwa meno yote, "zawadi iko njiani."

Viviane alikuwa bado ameshika maikrofoni, na maikrofoni ikasikia.

"Njiani wapi?" Afande Mutware akainuka benchini. "Mimi nakupa kwa mkono! Mfuko ya kaki! Sema iko wapi!"

"Nasema iko njiani kutoka mfukoni, Afande," Parfait alijibu, na lazima tumpe sifa yake, alijibu upesi.

Akatoa mfuko. Akaweka noti moja mezani. Kwaya ikalipuka, ngoma zote tatu, jina lake ndani ya wimbo: Parrain Parfait, ongeza tukuone! Akaweka ya pili, wimbo ukaongeza kasi. Akaurudisha mfuko kwapani kama mtu aliyemaliza, na wimbo ukarudi polepole, ukarudia ubeti ule ule, na kumsubiri. Ndivyo wimbo wa parrain ulivyo. Hauna mwisho wake. Mwisho wake ni mfuko. Watu wote wakamtazama. Mama Kampire alikuwa anahesabu kwa midomo.

"Bado! Bado!" Afande alipiga kelele, akiwa amekwisha anza kucheza kwa mwendo wa gwaride. "Ile mfuko ilikuwa nanenepa!"

Akaendelea kutoa. Alitoa akicheza, kwa sababu ukitoa bila kucheza watu wanadhani unaumia. Mabeseni yakaanza kulia madirishani, na safari hii, kwa mara ya kwanza, wanafunzi walikuwa wanapiga kwa furaha. Viviane aliyasikia, akainua macho kuyaangalia. Mwishowe Parfait akaugeuza mfuko ndani nje, akaukung'uta, akafuta jasho kwa tai.

"Hiyo ilikuwa ya benye nyumba," Viviane alisema kwenye maikrofoni, kwa sauti ya upendo. "Sasa tuone ya parrain mwenyewe."

"Dada..."

"Ukikubali mbele ya batu, kaka."

"Kweli!" alisema Afande, na uso wake ukaanza kubadilika. "Mlezi gani natoa pesa ya watu tu? Hii si ya kwako. Wewe ya kwako iko wapi? Ama wewe ulikuwa nataka..."

Parfait aliyatazama mabenchi. Aliona kwamba sentensi ile ikimalizika, yeye ndiye atakayefunga na kuomba. Akainama. Akavua kiatu cha kulia, pale pale juu ya vitenge, akavua soksi, na akaweka mezani msingi, ukuta na mabati ya vyumba vinne. Kageti yote ikasimama. Hata Mama Kampire alilia, ingawa alisema baadaye ulikuwa moshi.

Lori lilipokuwa linapakiwa, alimfuata Viviane nyuma ya magunia, kiatu mkononi.

"Dada, umeniibia."

"Nikuibie je? Ulitoa weye. Batu bote baliona, bakapiga makofi."

"Ile ya soksi ilikuwa ya kwangu! Jasho yangu!"

Viviane hakuwa na hasira tena. Alikuwa amechoka, na labda alimwonea huruma kidogo.

"Ya mufuko ni ya piano," alisema. "Ya soksi ni ya mabeseni."

Akapanda lori. Mzee Anselme alimpungia parrain mkono mpaka kona, kwani hakuna aliyemwambia kitu mzee yule, na mpaka leo anaamini Mbarara ni mji wa wapenda nyimbo.

Kiwanja kilinunuliwa na Afande Mutware. Alijenga vyumba sita mahali pa vinne, akaandika ukutani "Kimya", na muhula uliofuata wanafunzi wakamwomba awapunguzie kodi kwa sababu mtaa umepooza.

Parfait hakubaki kuyaona hayo. Tajiri wa Kampala alikuwa amepata habari kwamba ameokoka, akaja mwenyewe kuhakikisha. Basi meneja wetu akahamia Kikagate, mpakani mwa Tanzania, mahali pazuri ambapo kila mtu anapita na hakuna anayeuliza jina. Na jambo ambalo mtu wa kazi yake anahitaji kuliko suti na tai ni hilo, kutojulikana.

Lakini kwaya ilikuwa imerekodi, kwa piano nzima. Na desturi za Kongo zinataka mwimbaji amshukuru mfadhili ndani ya wimbo wenyewe, kwa jina. Mwishoni mwa wimbo wa kwanza, ngoma zikishuka, ilisikika sauti ya Viviane, safi kabisa: Parrain Parfait, mutoto wa Uvira, mwenye suti ya bluu, mwenye kutoa mupaka soksi! Wimbo ukaruka toka simu hadi simu, toka Misiera hadi Mbarara, toka Mbarara hadi kila duka lenye spika kwenye barabara ya mpakani.

Siku ya soko Kikagate, Parfait alimkaribia Gisèle, Mkongo aliyeuza vitenge, akafungua mkoba wake wa ngozi na kuanza kumweleza, kwa sauti ya chini, juu ya kodi mpya ya kuvuka ambayo yeye angeweza kumsaidia kuikwepa. Gisèle alimsikiliza. Akaitazama suti. Akaitazama tai.

"Unaitwa nani, kaka?"

Mtu huwa na majina mengi ya kutumia, lakini Parfait alichelewa kidogo, na mteja mmoja wa Mbarara akamtangulia kumsalimia kwa jina lake.

"Yesu wangu!" Gisèle alipiga vigelegele. "Bamama, mukuje! Ni yeye! Ni parrain wa soksi!"

Walitoka kila kibanda. Kwaya ya Kikagate, ilionekana, haikuwa na ngoma hata moja, na ilikuwa imemwomba Mungu muda mrefu. Gisèle alivuta vitenge vipya toka kwenye robota lake, akavitandika chini, upande huu na upande ule, na mtu akaleta kiti. Fanta ikaja, ya baridi. Parfait akatazama kulia, akatazama kushoto, na hakuona ardhi tupu ya kukanyaga. Wimbo ukaanza.

Akanywa Fanta kwanza, yote. Kisha akainama, akaanza kufungua kamba za kiatu.